Kimya Nilichokisifu

Jumamosi, 1 Machi

Masika yameingia leo alasiri, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho nyumbani kujua. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nasikiliza kanda ya majaribio ya Barafu, mwenzangu mmoja, mke wangu akanigusa bega na kunionyesha dirisha. Nguo zetu zote zilikuwa kambani, chapachapa.

"Bati linalia hivi na wewe husikii?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Hapo ndipo ninaposhangaa mimi. Msikilizaji asiyesikia."

Nimeamua kuandika shajara msimu huu. Kundi letu la wasikilizaji linataka kutoa kanda yake ya kwanza kabla mvua hazijaisha, na jambo kama hilo likipita bila kuandikwa hugeuka hadithi, kila mtu na yake.

Naanza kwa maelezo, kama nilivyozoea. Muziki tunaoupenda ni mgumu kumweleza mtu wa nyimbo. Hauna mwimbaji, na mara nyingi hauna hata ngoma. Mtengenezaji huchukua sauti, iwe ya chombo cha umeme au ya bawaba ya mlango, akainyoosha, akaikunja, akaipandisha juu ya nyingine, mpaka msikilizaji aanze kuiona ina umbo. Hakuna kampuni inayouza muziki huu. Anayeutengeneza huunakili mwenyewe na kuuvika jalada mwenyewe, na wanunuzi wake wanaweza kutosha kwenye benchi moja.

Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi. Kila mwaka nilichora mawimbi ya sauti ubaoni nikiwa na hakika kwamba nayafahamu. Nilipostaafu nikasikia redioni kipande kilichotengenezwa kwa mvumo wa transfoma peke yake, nikagundua kwamba nilikuwa nikichora ng'ombe miaka yote bila kuonja maziwa.

Jumapili, 2 Machi

Mvua. Nguo bado mbichi. Mke wangu hajasema kitu, lakini amezianika zote juu ya spika zangu.

Jumamosi, 8 Machi

Kundi hukutana Jumamosi alasiri kwenye duka la Mshonaji, vyerehani vikishafunikwa. Mshonaji ana spika kubwa, na marobota yake ya vitambaa ukutani yanameza mwangwi kuliko chumba chochote ninachokijua. Tuko watano. Yuko yeye; yuko Daktari wa Meno, ambaye husema aliuzoea muziki huu kazini kabla hajajua kuwa ni muziki; yuko Mchapishaji, ambaye kazi yake hasa ni kadi za harusi; yuko Barafu; na niko mimi, Mwalimu, niliyewapita wote kwa miaka mingi.

Barafu ni jina la utani, limetokana na kazi yake. Ni fundi wa zamu katika kiwanda cha barafu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, anayetembea na kinasa sauti mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Kanda tunayoitoa ni yake.

Tuna desturi moja. Kipande kikipigwa, hakuna anayesema. Kikiisha, mkubwa huanza. Sikuiweka mimi desturi hiyo. Iliota yenyewe, kama majani kando ya njia. Watu wenye adabu hawamtangulii mzee kusema, basi mimi husema, nao hukubali na kuongeza mawili matatu.

Leo tumesikiliza kipande kikubwa cha kanda, kiitwacho "Zamu". Kinaanza na mvumo wa kompresa, mashine ya kiwandani kwake. Unakuja wa pili, usiolingana sawasawa na wa kwanza, na ile tofauti ndogo inaifanya sauti ivimbe na kunywea polepole, kama mtu anayepumua usingizini. Mvumo unapanda, unalijaza duka, vifungo vinatikisika kwenye mikebe yake. Halafu unakatika. Kinafuata kimya cha dakika nne. Mwishoni unafunguliwa mlango wa chuma, inasikika mvua ya nje, basi.

Nikaeleza. Nikasema mvumo wote ule ni ngazi tu ya kutufikisha kwenye kimya. Nikasema ni msanii shujaa peke yake awezaye kumpa mtu dakika nne za kitu ambacho hakipo.

Daktari wa Meno akatazama viatu vyake. Mshonaji akapiga magoti na kuanza kuokota pini sakafuni. Barafu akasema, "Asante, mzee."

"Maneno ya jalada aandike Mwalimu," akasema Mchapishaji.

"Nani tena," akaitikia Mshonaji kutoka chini ya meza.

Jumatano, 12 Machi

Nimepiga "Zamu" sebuleni, kwa spika. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Mvumo haukumsumbua hata kidogo. Alikunja mashati kwa kuufuata. Ila kimya kilipoingia tu, akainuka, akaenda jikoni na kufunga mlango. Paka akamfuata.

Mke wangu alikuwa opereta wa simu, enzi za kuchomeka waya kwenye ubao na kusema "zungumza, umeunganishwa". Nadhani mtu aliyelipwa miaka yote ahakikishe laini haikai kimya hawezi kuvumilia kimya. Simlaumu. Wengi wako hivyo.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimepiga "Zamu" tena. Ameondoka palepale. Paka pia.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemaliza maneno ya jalada baada ya kuchana karatasi nyingi. Yanaishia hivi: "Msikilizaji, usikiogope kimya kinachofuata. Hakuna kitu ndani yake, na hiyo ndiyo zawadi. Hapa mashine imelala na binadamu amepumzika. Kimya ni amani."

Nimemsomea mke wangu. Amesikiliza mpaka nukta ya mwisho.

"Lugha nzuri," akasema.

"Na maana?"

"Maana waulize wenye muziki. Mimi hiyo kanda yenu inanitia ganzi ya meno."

"Nenda kwa Daktari basi, tunaye kundini."

"Yule naye ni mgonjwa kama wewe."

Jumamosi, 29 Machi

Nimewasomea wenzangu maneno ya jalada. Mvua ilikuja katikati, ikabidi ningoje, maana bati la Mshonaji halina mpinzani. Nilipomaliza, kila mtu alimtazama Barafu, naye akatazama mikono yake.

"Maneno mazuri sana, mzee," akasema. Kisha akauliza, "Kimya kabisa?"

"Kabisa. Hapo ndipo ulipotushinda sote."

"Sawa, mzee."

Nilidhani ni haya ya msanii anayesifiwa mbele ya watu. Mchapishaji akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

Jumamosi, 5 Aprili

Maji yamejaa barabara ya dukani. Hatukukutana.

Jumatano, 9 Aprili

Mchapishaji amepita na mzigo: karatasi mia mbili za jalada, bado zinanukia wino. Amezichapa kwa herufi zile zile za harusi, zenye mikia. Mke wangu ameuliza nani anaoa.

Jumamosi, 12 Aprili

Barafu ameleta toleo la mwisho la "Zamu".

"Nimerekebisha kidogo pale kwenye kimya," akasema.

Mshonaji akageuka. "Umefanya kweli?"

"Nimefanya."

Tukasikiliza. Mimi sikuona tofauti. Nilipoanza kueleza, nikasema ufundi mkubwa ni ule usioacha alama. Daktari wa Meno alikohoa muda mrefu, nikamshauri anywe maji ya uvuguvugu. Barafu amenipa nakala ya nyumbani. Jumatatu ya tarehe 21 wataanza kunakili kanda zote, mbili mbili, kwenye mashine ya Mshonaji, na mifuko ya vitambaa ya kuzitilia iko tayari.

Jumatatu, 14 Aprili

Leo naandika marefu.

Baada ya chakula cha mchana nilipiga toleo jipya. Mke wangu alikuwa kwenye kochi, anashona kifungo. Mvumo ukaja, ukapanda, ukakatika. Nikamtazama, nikingoja ainuke. Hakuinuka. Paka alikuwa miguuni pake. Akajinyoosha, akalala upya. Dakika zote nne walikaa, mpaka mlango wa chuma ukafunguka na mvua ya kwenye kanda ikasikika.

Mwalimu wa fizikia hawezi kuona jambo la namna hiyo akaliacha lipite. Tulikuwa tukiwaambia wanafunzi: ukitafuta sababu, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo. Mke ni yule yule, paka ni yule yule, kochi ni lile lile. Kilichobadilika ni kanda. Nikaitoa, nikaweka ya zamani. Mvumo ulipokatika, kwangu kikaingia kimya kile kile ninachokijua. Mke wangu akakunja uso, akaweka shati pembeni na kuinuka. Paka alikwisha fika mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni. Si umeurudisha?"

"Nimerudisha nini?"

"Mluzi wako."

"Mluzi upi?"

Akanitazama kuona kama namtania. Kisha akasema polepole, kwa sauti ambayo nadhani aliitumia zamani kwa watu waliopiga simu kwenye nyumba zenye msiba, "Huu unaopiga sasa hivi, mzee. Hapa tunapozungumza."

Nikatega sikio. Nilisikia friji, na pumzi zangu.

"Ukoje?" nikauliza.

"Mwembamba. Uko juu sana. Kama laini ya mbali kabla mtu hajajibu, ila juu zaidi, na hautetereki." Akaitazama spika. "Mimi nilidhani ndio mnaoupendea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia unanitia ganzi ya meno. Ukanielekeza kwa daktari."

Niliwasha kompyuta. Nina programu ya kutoa sauti moja safi, ambayo nilikuwa nikiitumia katika somo lililopendwa kuliko yote. Wanafunzi wote wanainua mikono, mimi naongeza idadi ya mitetemo kwa sekunde, sauti inazidi kupanda, na kila anayeacha kuisikia anashusha mkono wake. Kila mwaka mkono wa kwanza kushuka ulikuwa wangu. Walicheka, nami niliwaeleza kwamba sikio la binadamu huanza kupoteza sauti za juu, kidogo kidogo, bila mwenyewe kujua, kwa kuwa mtu hawezi kusikia kwamba hasikii. Nililieleza jambo hilo vizuri sana. Sikumbuki hata siku moja kulipeleka nyumbani.

Leo tulikuwa wawili, mikono juu, kama watu waliokamatwa. Wangu ulishuka mapema kuliko nilivyotarajia. Wake ukabaki juu. Nikaongeza, ukabaki. Nikautazama mkono ule, na pete yake, mpaka nikazima mashine.

"Bado nilikuwa nasikia," akasema.

"Najua."

Akaniwekea chai na kunyamaza, jambo ambalo si kawaida yake anapokuwa ameshinda.

Sasa naandika na chai imepoa. Masikio yamezeeka, hilo ni la mwili, halina wa kulaumiwa. Linalonisumbua ni lingine. Barafu aliweka mluzi kwenye kazi yake, mzee akasimama mbele ya watu akasema hakuna kitu. Naye badala ya kumwambia mzee amekosea, ameufuta mluzi ili maneno ya mzee yasiwe uongo. Na Jumatatu ijayo kanda zinanakiliwa hivyo, bila mluzi, kwa ajili yangu.

Jumatano, 16 Aprili

Daktari wa masikio amenionyesha mchoro. Mstari unakwenda sawa kama barabara ya lami, halafu unatumbukia korongoni. Kifaa cha kuvaa sikioni kitanisaidia kwenye mazungumzo, amesema, lakini sauti za juu namna ile hazitarudi. Amenieleza kwa nini. Nimemwacha aeleze, ingawa nilikuwa najua. Naijua raha ya kueleza.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekwenda kiwandani. Mlinzi amemwita Barafu, akatoka na mabuti na sweta nzito, kwenye joto hili la kabla ya mvua. Tukasimama chini ya kipaa cha lango.

"Urudishe mluzi," nikamwambia.

Akamtazama mlinzi, kisha mimi. "Nani amekwambia, mzee?"

"Paka."

Akacheka, kisha akaona sicheki, akaacha.

"Ni mluzi wa nini?" nikauliza.

"Wa vali, ile koki ya kupumulia mashine. Tukizima mashine, presha inatolewa kidogo kidogo, na vali inapiga mluzi. Ukiusikia, mambo shwari, unaweza hata kukaa chini ukanywa chai. Ukikatika ghafla, vali imeziba, mtambo unaweza kupasuka. Hapo hakuna kuulizana, ni mlangoni."

"Kwa hiyo ule mlango wa chuma mwishoni..."

"Ndiyo sisi tunatoka."

Nilizifikiria zile karatasi mia mbili. Kimya ni amani, kwa herufi zenye mikia. Nilikuwa nimewaandikia watu kwamba wapumzike mahali ambapo wenye kazi yao hukimbia.

"Wenzako wa zamu watakuja kusikiliza siku ya kutoa kanda?"

"Wote. Wameshaomba ruhusa."

"Na wakisikia dakika nne hakuna mluzi?"

Akapangusa mikono kwenye sweta, ingawa ilikuwa mikavu. "Watasema nimesahau kazi. Au watanyamaza, kama mimi."

"Kwa nini hukunisahihisha?"

"Ningekusahihishaje? Wewe huanza, mzee. Ukishasema, kilichobaki ni kuitikia. Tulijadiliana sisi wanne, kila mtu akamsukumia mwenzake. Halafu yale maneno yalikuwa mazuri, na yameshachapwa. Nikaona kufuta mluzi ni rahisi kuliko kumfuta mzee."

Lori likaingia, tukasogea.

"Naweza kuushusha," akasema, akiwa ameinama kunikaribia, nadhani ili nisikie. "Nikiupunguza, uwe mnene kidogo, wewe utausikia vizuri tu. Watu hawatajua."

Nakiri hapa kwamba nililitamani jambo hilo. Nimempenda msanii huyu tangu kipande chake cha kwanza, cha matone kwenye ndoo, na sasa aliniahidi kuileta kazi yake mpaka mahali masikio yangu yanapoishia. Nilimtazama, nikalitazama lango lake.

"Wenzako watajua," nikasema. "Vali hailii hivyo. Urudishe ulivyokuwa."

"Na wewe utabaki na nini hapo katikati?"

"Sijui bado."

Akafikiri. "Tuna mzee wetu wa zamu. Naye hausikii mluzi, siku nyingi sasa. Anatutazama sisi usoni. Hajawahi kuchelewa mlangoni."

Jumamosi, 19 Aprili

Leo sikungoja kipande kipigwe. Nimewaambia wenzangu kila kitu: kanda mbili, paka, mkono wa mke wangu, mchoro wa daktari. Kisha nikauliza nani alikuwa anausikia mluzi. Mikono minne ikapanda.

"Mimi nilidhani unasema kwa mafumbo," akasema Daktari wa Meno. "Kwamba mluzi nao ni namna ya kimya. Nililifikiria wiki nzima. Nikaanza hata kukubali."

"Mimi nimeokota pini mpaka zikaisha," akasema Mshonaji. "Nikazimwaga tena ili nipate za kuokota."

Tulicheka sana, na kicheko kile kilinipunguzia mzigo kuliko pole yoyote. Barafu amekwisha rudisha mluzi. Mchapishaji akajitolea kuchapa karatasi upya, nikakataa. Karatasi hazina kosa, mwenye kosa yupo, na kalamu anayo. Nitasahihisha kwa mkono, moja moja.

Halafu nikaomba desturi yetu igeuzwe. Kuanzia leo mdogo huanza, mkubwa humalizia. Wakasita, Mshonaji akasema haijakaa vizuri, ni kama kuvaa shati na vifungo vikiwa mgongoni. Lakini tukaijaribu. Barafu akaanza, akakieleza kipande chake mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, na ikapita robo saa nzima kabla zamu yangu haijafika. Ilipofika, nilikuwa na maswali matupu.

Jumatatu, 21 Aprili

Wameanza kunakili. Mvua ya rasharasha.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekaa barazani, mvua ikinyesha. Kwangu ni mvumo mmoja mnene, kama wa kompresa. Nilimuuliza mke wangu yeye anasikia nini. Amesema matone yana ncha, na kila kitu kinachopigwa kina ncha yake: bati, ndoo, majani ya mgomba. Nilidhani mvua za siku hizi zimebadilika. Kumbe ncha zake tu ndizo zilizoniacha.

Jumamosi, 26 Aprili

Kazi ya karatasi. Nilipanga kufuta ile sehemu ya kimya kwa rula na wino mweusi, kisha kuandika maneno mapya juu yake. Kufuta ni rahisi. Nikakwama kwenye kuandika, kwa sababu siwezi kueleza kitu nisichokisikia, na kosa hilo nimeshalifanya mara moja.

Mke wangu alikuwa anapita na kikombe.

"Kaa," nikamwambia. "Uandike wewe."

"Mimi? Muziki wenu siujui."

"Mluzi unaujua."

"Naujua kwa ubaya."

"Andika hivyo hivyo."

Akavaa miwani. Akaomba kanda ya zamani ipigwe, akaisikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza katika msimu wote, amekaza meno. Kisha akaandika kwa ule mwandiko wake wa opereta, ulionyooka, usiopoteza nafasi: "Hapa pana mluzi mwembamba, juu sana, hautetereki. Hauchekeshi wala haufurahishi. Maadamu unausikia, kaa. Ukikatika, angalia mlango uko wapi."

Nikamwambia sentensi ya pili inaweza kutolewa. Akasema mimi nifute vyangu.

Basi mimi nafuta, yeye anaandika. Tumefanya sitini hivi leo. "Miaka yote umesahihisha vya watu," akasema kwenye ya arobaini na kitu, bila kuinua kichwa. "Unaonaje vyako?"

"Wino unaisha haraka zaidi."

Jumapili, 4 Mei

Zimekwisha. Mkono wake unauma, hataki nimwambie pole.

Jumatano, 7 Mei

Jua siku nzima. Nguo zimekauka kambani.

Jumamosi, 10 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe. Mshonaji alisukuma vyerehani ukutani, akapanga mabenchi na viti vya jirani zake. Wale wa kiwandani walifika pamoja, kumi na wawili, wameoga na kuvaa mashati ya kutokea, wakakaa mabenchi ya mbele. Pembeni mwao alikaa mzee mwenye kofia ya sufi ambaye nilimtambua bila kuonyeshwa, kwa sababu alikuwa amegeuza kiti chake kidogo. Hakukielekeza kwenye spika. Alikielekeza kwa wenzake.

Mimi na mke wangu tulikaa nyuma yao. Hii ni mara yake ya kwanza kuja.

"Sitoki," alikuwa ameniambia njiani. "Lakini usiniulize kama nimefurahi."

Hapakuwa na hotuba. Barafu alisema sentensi mbili, mikono mfukoni, akabonyeza mashine. Mvumo ukaja, ukapata mwenzake, ukaanza kuvimba na kunywea. Hiyo yote ninaisikia, na nimshukuru Mungu, maana ni nzuri. Ukapanda hadi vifungo vikaanza kutikisika mikebeni na mtu mmoja mbele akacheka kwa kuitambua mashine yake. Halafu ukakatika.

Mke wangu akaushika mkono wangu, akaweka kidole kimoja juu ya kifundo, akakibana. Hatukuwa tumepanga. Akakiacha pale pale, bila kukilegeza wala kukikaza, na nikaelewa: mluzi unapiga, hautetereki.

Niliwatazama wa mbele. Mabega yao yalikuwa yameshuka. Mmoja alinyoosha miguu. Mwanamke aliyekuwa karibu na Barafu alifumba macho kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua viatu. Ndiyo amani ile niliyoiandika, nikafikiri, ilikuwepo kweli. Niliipachika tu kwenye kitu kisicho chake. Wakati wote huo nilikuwa na kidole kile kwenye mkono wangu, na sikuchoka, ingawa sikusikia hata chembe.

Kisha kidole kikainuka.

Wakati huo huo vichwa kumi na viwili vikageuka kuelekea mlango wa duka. Hakuna aliyeamua, viligeuka vyenyewe, kama majani upepo ukiyapitia. Mzee wa kofia alikuwa ameshaondoka kitini. Dukani pakawa na kimya ambacho sasa kilikuwa kimya kweli, kwa kila mtu, nikaufahamu uzito wake kwa mara ya kwanza.

Nilishtuka kuona benchi liko nyuma yangu na miguu yangu imenyooka. Nilikuwa nimesimama.

Mke wangu akanivuta shati.

"Kaa chini, mzee," akaninong'oneza sikioni, karibu kabisa, ili nisikie. "Ni kanda tu."